Kupenda kwa Kiyunani

Duka la fotokopi lililo mkabala na lango la chuo cha theolojia huwa tulivu mwaka mzima, ila wiki ya kukusanya kazi. Wiki hiyo watumishi wa Mungu husahau kabisa habari za uvumilivu.

"Foleni, ndugu, foleni!"

"Mimi nilikuwa mbele ya huyu mama!"

"Nitakusamehe, mpendwa, lakini si leo!"

Katikati ya vurugu hiyo alisimama binti wa gauni la njano, amekumbatia mahubiri yake ya mtihani kama mtoto mchanga. Kiwiko cha mtu kikampata, karatasi zikatawanyika. Kijana mrefu wa koti la kijivu, mifuko imevimba kwa kalamu, akainama kumsaidia, na za kwake nazo zikamponyoka. Mahubiri na utafiti vikalala sakafuni pamoja.

"Pole, dada."

"Pole wewe. Hii yenye vijidudu ni yako?"

"Vijidudu! Dada, hicho ni Kiyunani cha Agano Jipya."

"Najua. Nilikisoma muhula mzima. Ndiyo maana naviita vijidudu."

Kijana akacheka, naye akacheka, wakaanza kutenganisha karatasi juu ya kaunta, moja moja, bila haraka yoyote. Mwenye duka akawatazama mpaka akachoka. "Kama mnafunga ndoa hapo," alisema, "lipieni ukumbi."

Chuoni binti huyo aliitwa Mhubiri. Baba yake alikuwa mchungaji, na yeye alishika kipaza sauti kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kijana aliitwa Kamusi, kwa sababu ukimuuliza neno moja alikuletea na ukoo wake wote. Alikuwa anamalizia shahada ya uzamili, na akishaitetea tasnifu yake angekwenda kufundisha wachungaji katika chuo cha mji wa mbali.

Chai ya kwanza waliinywa kantini siku ileile.

"Unatafiti nini hasa?" Mhubiri aliuliza.

"Vitenzi."

Chai ilimpalia. "Mwanamume mzima, ndevu zimeota, unatafiti vitenzi!"

"Mungu aliumba ulimwengu kwa kusema tu. Na alichosema kilikuwa kitenzi."

Jibu hilo lilimpendeza Mhubiri mno, hata akasahau kuuliza ni vitenzi gani. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, nao wakiwa wanacheka.

Tangu hapo simu hazikulala. "Umekula, Kamusi wangu?" "Nimekula, Mhubiri wangu. Nihubirie kidogo nishushie." Mhubiri alianza kuchagua nguo za kwendea maktaba kana kwamba maktaba ni harusi. Alimpenda kijana yule. Alimpenda mpaka aliona haya kuliombea jambo hilo kwa sauti, chumba cha jirani wasije wakaitikia amina.

Kisha Kamusi akasafiri kwenda kusoma vitabu ambavyo chuo chao hakikuwa navyo. Jioni moja akapiga simu.

"Kuna jambo nataka kukuambia."

"Sema basi."

"Naona haya. Nitaliandika."

Ujumbe ukaingia: maneno mawili tu, kwa vijidudu. Mhubiri akaketi kitandani, akafuata herufi kwa kidole. *Filo se*. *Se* alilikumbuka, ni "wewe". Na *filo*? Si ndiyo ile fileo!

Moyo ulimshuka. Fileo alilelewa nayo. Kila mwaka baba yake aliyarudia mahubiri yaleyale: kuna agape, upendo wa Mungu, usio na masharti, huo uko juu, kuna fileo, upendo wa marafiki, huo uko chini. Yeye mwenyewe aliwahi kuyahubiri harusini, akawaonya bwana na bibi harusi wasije wakaishia kwenye fileo.

Hata hivyo akampigia baba yake.

"Baba, hivi fileo ni upendo gani?"

"Wa marafiki, mwanangu. Wa kutembeleana tu. Kwani nani ana fileo?"

"Hakuna, baba. Ni kazi ya darasani."

Alilia kidogo, akajifuta uso, akajibu ule ujumbe: "Amina. Ubarikiwe, ndugu."

Simu iliita papo hapo.

"Mhubiri, umepata ujumbe wangu?"

"Nimeupata, ndugu. Nimeshukuru."

"Mbona unaniita ndugu?"

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Sikuelewi."

"Kamusi gani isiyoelewa neno lake yenyewe?" Akakata, na hakupokea tena.

Kule alikokuwa, maskini Kamusi alijua amekataliwa. Tena amekataliwa kwa baraka, na mtu aliyekataliwa kwa baraka hana pa kukatia rufaa. Aliporudi chuoni walipishana koridoni kama watu wanaodaiana. "Bwana asifiwe, dada." "Asifiwe, ndugu." Basi.

Mambo yangeishia hapo kama si tangazo. Asubuhi moja Mhubiri alipita penye ubao wa chuo akaona watu wanasoma karatasi mpya. Utetezi wa tasnifu, leo, ukumbi mkubwa. Jina la mtahiniwa alilijua. Kichwa cha tasnifu hakuwahi kukisikia: *Vitenzi Viwili vya Kupenda katika Kiyunani: Je, Wahubiri Wamevitenganisha Bure?*

Akasoma tena. Bure?

Alikimbia. Viatu vya kisigino vilimkwamisha kwenye ngazi, akavivua, akaingia ukumbini navyo mkononi. Kamusi alikuwa mbele, koti lilelile la kijivu, anaeleza bila kuchangamka, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wake.

"Tumezoea kusema kitenzi kimoja ni cha upendo wa juu na kingine cha upendo wa chini," alisema. "Lakini hicho tunachokiita cha chini, Injili inakitumia inaposema Baba anampenda Mwana. Na hicho cha juu kimetumika kwa mtu aliyeipenda dunia akamtupa mwenzake kazini. Neno peke yake halipimi upendo. Tuangalie anayesema, na anasema na nani."

Mhubiri alihisi masikio yanamwaka. Mahubiri ya baba, mahubiri yake ya harusini, machozi yake ya kitandani, yote bure! Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele.

"Maswali kutoka kwa wasikilizaji?" aliuliza mwenyekiti wa jopo, profesa mama aliyewafundisha hata maprofesa wenzake.

Mhubiri alikwishasimama, viatu bado mkononi.

"Mwanamume akimwandikia mwanamke *filo se*, huyo mwanamke aelewe nini?"

Kamusi aliinua uso, akamwona, na karatasi zikamponyoka tena.

"Profesa," alisema kwa shida, "swali hili liko nje ya mipaka ya tasnifu."

"Utafiti usiovuka mlango wa ukumbi una faida gani? Jibu."

Kamusi akamgeukia Mhubiri. "Aelewe kwamba mwanamume huyo ameshinda na neno hilo mpaka akasahau kuwa kuna watu wamelishusha cheo. Alichagua neno zuri kuliko yote aliyonayo. Tena neno hilo lina maana nyingine."

"Ipi?" aliuliza profesa, ingawa aliijua vizuri.

"Kubusu."

Ukumbi ulilipuka. "Amina!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. Profesa aligonga meza huku ameficha kicheko kwa mkono.

"Nina swali la nyongeza," alisema Mhubiri. "Kwa Kiswahili je?"

"Kiswahili hakikutusumbua," Kamusi alisema. "Kina kupenda kumoja tu. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Nisamehe, Kamusi wangu. Nilikuhukumu kwa Kiyunani cha muhula mmoja."

Jopo lilimfaulisha. Walikutana nje, penye ngazi, Mhubiri akivaa viatu vyake na Kamusi amemshikia mkoba.

"Lakini nakwenda mbali," alisema Kamusi.

"Nikimaliza mwaka huu nakufuata, ukinioa."

"Hilo 'ukinioa' ni hali ya masharti."

"Basi yaondoe masharti."

"Nitakuoa."

"Huo ni wakati ujao."

"Ujao wa karibu sana," alisema Kamusi, akamshika mkono mbele ya chuo kizima.

Mhubiri alitoa simu papo hapo. "Baba, yale mahubiri yako ya fileo."

"Yana nini, mwanangu?"

"Yana kasoro."

"Nani kasema?"

"Anakuja nyumbani kukueleza mwenyewe. Akimaliza atakuomba binti yako."

Kisha mzee akacheka kicheko ambacho waumini wake hawakuwahi kukisikia madhabahuni.

"Aanze na la binti," alisema. "Hilo la fileo tutabishana akishakuwa mwanangu."