Jina Ndani ya Ufa

Mtandio wa Mwaija ndio ulionaswa kwanza. Moyo ulifuata baadaye, na huo haukuwa na pindo la kushikia.

Ilikuwa stendi ya Korogwe, jua la saa saba, wauza machungwa wakigombea madirisha ya basi la Arusha. Mwaija, msusi mwenye dera la rangi ya ndimu na mfuko wa rasta mkononi, alifungua mlango wa gari dogo jeupe akajitupa kiti cha mbele.

"Kilole, kaka. Haraka, nimemwacha bi harusi na nusu kichwa."

"Mimi si teksi, dada."

Akageuka. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, andazi limemjaa mdomoni.

"Ndilo la kwanza tangu asubuhi," kijana alijitetea, kana kwamba kaulizwa.

Mwaija alitaka kushuka, akashindwa. Mtandio wake wa zambarau ulikuwa umenasa kwenye ufa wa dashibodi, ufa mrefu uliotoka usukani hadi upande wa abiria.

"Gari lako linakaba watu?"

"Halijawahi. Nadhani limekupenda."

"Limenipenda lenyewe au limetumwa?"

Akampeleka Kilole bure. Aliitwa Mhina, mwalimu wa hesabu. Njiani akasema gari alilitoa bandarini mwenyewe, likiwa jipya. Uongo mtupu, lakini mwanamume akishabeba mrembo hujiona hata meli ni yake.

Miezi mitano ikapita kwenye simu.

"Umekula, mwalimu?"

"Nimekula ila sijashiba."

"Ulipika nini?"

"Ugali. Mboga ni sauti yako."

"Basi leo mboga kidogo, mpenzi, salio linakata."

Kisha mama yake Mwaija, kule Handeni, akatuma neno: huyo mwalimu aje Jumamosi aonekane. Mwaija akampigia Mhina. "Mama siku hiyo atavaa ushungi wa lesi, na atataka kuzungushwa mjini. Akinasa kwenye ule ufa wako, posa imekufa."

Ndiyo maana Jumapili iliyotangulia, dashibodi ilifunguliwa skrubu zote, ikalazwa kwenye mkeka barazani kwa Mhina. Waliiosha kwa sabuni. Wakaanza kupiga msasa kandokando ya ufa, ili puti ya kuzibia ipate pa kushika. Mwaija alikuja na draya yake ya saluni kukaushia.

"Polepole, Mwaija! Unasuka au unachuna?"

"Kichwa gani hiki chenye magamba? Kuna mtu alishakiziba hiki."

Kweli, chini ya rangi kulikuwa na puti ya zamani, inabanduka vipande vipande. Mwaija akapuliza vumbi. Herufi zikatokea, zimechomwa kwa msumari wa moto: NAKUPENDA GRASIANA.

Msasa ukasimama.

"Grasiana ni nani?"

Mhina akacheka. Hapo ndipo alipoharibu.

"Wallahi simjui! Labda yule mzee aliyeniuzia..."

"Aliyekuuzia? Si ulilitoa bandarini mwenyewe, likiwa jipya?"

Mwaija alizungusha waya wa draya, akajifunga mtandio, akaondoka. Kesho yake akapanda basi la Handeni. Namba ya Mhina akaifungia.

Jumamosi ilipofika, gari lilikuwa bado halina uso, waya zinaning'inia kama utumbo. Mhina akaiviringisha dashibodi kwenye shuka, akapanda nayo basi.

"Mzigo gani huo, mwalimu?" konda aliuliza.

"Ushahidi."

Mama Mwaija alikuwa mlangoni na ushungi wake wa lesi. Binti hakuwa amepata ujasiri wa kumwambia, na kuku alishachinjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo gari nililoahidiwa liko wapi?"

"Nimekuja na kipande, mama."

Mwaija akatokea nyuma ya pazia, macho mekundu. "Umemleta Grasiana wako?"

"Nimemleta. Na mumewe yuko hapa."

Mhina akafungua shuka, akailaza dashibodi chini, kisha akabonyeza simu, akaiweka sauti ya juu. Ikaitikia sauti ya mzee, ya taratibu. Alikuwa Castory wa Mazinde, mnyapara mstaafu wa mkonge.

"Binti yangu, Grasiana ni mke wangu. Nilimwandika hapo wiki niliyonunua gari. Alipofariki nikamziba kwa puti. Ningeendeshaje huku namsoma? Akapasua. Nikamziba tena, akapasua tena. Ndipo nikamuuzia mwalimu."

Mama Mwaija alivuta pembe ya ushungi, akajifuta jicho. Mwaija alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja, kama anayetafuta njia kwenye nywele.

"Shikamoo, mzee. Tumzibe, au tumwache?"

Jogoo wa jirani akawika.

"Mkiweza kusafiri naye, mwacheni."

Simu ilipokatwa, Mwaija alimtazama Mhina bila kupepesa.

"Na bandarini?"

"Niliogopa ungenidharau. Ulikuwa uongo mmoja tu."

"Mmoja, mwalimu wa hesabu?"

Mhina akakuna kisogo. "Mara mbili. Lile andazi lilikuwa la nne."

Mwaija alijitahidi kununa. Kicheko kikamponyoka puani.

"Mama," Mhina akasema haraka, kabla bahati haijabadili nia, "wazee wangu waje lini?"

"Gari likipata uso. Sasa ingieni, kuku anapoa."

Jioni ile, kwenye basi la kurudi Korogwe, Mhina alinyoosha mikono apokee ule mzigo wa shuka. Mwaija aliupakata, mtandio wa zambarau ukiwa umetandazwa juu yake.

"Wewe shika ndizi za mama," alisema. "Grasiana nampakata mimi."