Mguu wa Meza ya Dirishani

Kila siku, kengele ya kanisa ikilia saa sita mchana, huwa nimeshapanga vijiko katika chumba cha kulia cha shangazi yangu Eulogia, mjini Sucre. Shangazi huwapikia wanafunzi wa chuo kikuu. Meza ya dirishani ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari, ambao huku kwetu huitwa "daktari" tangu mwaka wa kwanza, hata yule asiyejua kufunga kidonda. Meza ya karibu na jiko ilikuwa ya wanafunzi wa famasia. Hao waliitwa kwa majina yao na walipata supu baada ya madaktari. Sheria hii tukufu haikuandikwa popote, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuivunja.

Mimi nilikula jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Mama alikuwa akifanya kazi nchi jirani, Chile, na alipiga simu Jumapili tu. Siku nyingine nilizungumza na paka, naye alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

Kisha shangazi akaanza kushikwa na kizunguzungu. Alishika kuta akitembea. Kama angelazwa hospitali kwa muda mrefu, nyumba ingefungwa, nami ningepelekwa Oruro, mji wa mbali, kwa ndugu nisiowajua hata kwa sura.

Nilimwendea Wilber wa meza ya dirishani.

"Ni uchovu, Delmira," alisema. "Nampima kila siku, presha haijapanda. Asikose tu dawa yake."

"Hakosi. Labda umuulize Nilda, yeye anasomea dawa."

"Nimuulize muuza vidonge? Nenda kacheze, mtoto."

Nikamwendea Nilda. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani. "Kawaulize madaktari wako. Sisi tukifungua mdomo tunaambiwa tunajifanya."

Usiku ule nililala nikimsikiliza shangazi akikohoa upande wa pili wa ukuta, nikatafakari kwa uzito wa askofu. Asubuhi nikafungua mguu mmoja wa meza ya dirishani na kuuficha ndani ya gunia la viazi vikavu.

Mchana, wanafunzi wote walilazimika kubanana kwenye meza moja.

"Daktari, kiwiko chako kimo ndani ya supu yangu," alisema Nilda.

"Basi supu imeshatibiwa," Wilber akajibu. Wachache walicheka, kwa shingo upande.

Shangazi akaingia na bakuli la mchuzi wa karanga. Mkono wake ukatafuta ukuta, ukaukosa. Bakuli likapasuka, naye akaketi sakafuni kama mtu aliyesukumwa.

Wilber alikuwa wa kwanza kumfikia. Alimlaza, akampima presha, akapima tena. "Imeshuka mno. Mama, umezidisha vidonge?"

"Kimoja kila asubuhi, mwanangu, kama nilivyoandikiwa."

Wilber akaitoa pakiti ya dawa kwenye mfuko wa aproni ya shangazi. Kisha, bila kumtazama Nilda, akampa.

Nilda aliisoma. "Unakimeza na nini, mama?"

"Juisi ya balungi. Delmira hunikamulia."

"Balungi huzuia mwili kuipunguza dawa hii. Inajaa kwenye damu. Kidonge kimoja kinakuwa kama viwili au vitatu."

Nilitazama mikono yangu. Chumba kizima kilikuwa na watu, nami sijawahi kuwa peke yangu kiasi kile.

"Nimempima wiki nzima," Wilber alisema polepole. "Sikumuuliza anakunywa nini."

"Nami nilimwona akipepesuka," alisema Nilda, "nikajinyamazia."

Walimpeleka hospitali pamoja, mmoja kila upande. Daktari wa zamu aliwasikiliza wote wawili, akamlaza shangazi hadi kesho yake na kupiga marufuku mabalungi. Haikupita wiki, akawa anatembea bila kushika ukuta.

Siku aliyorudi jikoni alinikuta kwenye ndoo yangu. Alinifuta machozi kwa aproni.

"Kosa si lako," alisema. "Aliyenipima hakuijua dawa, na aliyeijua dawa hakunipima. Kila mmoja alikaa na nusu yake, mmoja kwa kiburi, mwingine kwa kinyongo, na mimi nikawa naanguka katikati. Mgonjwa ni mmoja, Delmira. Wanaomtibu wasikae meza mbili."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ule mguu ulio kwenye gunia la viazi, uache humo humo."

Kisha akaichukua ndoo yangu, akaenda kuitumia kupigia deki, na kutoka chumba cha kulia nikasikia sauti ya Nilda: "Wilber, sogea. Mtoto atakaa wapi?"