Ukuta Uliotafuta Ndama

Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa, zimelala upande mmoja, zimeshikana kwa ute. Lul, mama yake, alizinusa, akatapika palepale. Zilinuka cheu na nyama iliyosahauliwa juani.

"Nani amemlamba Hinda?"

"Joto limekuharibu akili," mumewe, Noordin, akafoka.

Noordin ndiye aliyezichora nyumba yao na nyingine tano, za matofali na zege, zimeshikana ukuta kwa ukuta chini ya miti ya mtaa wa maofisa, Garissa. Ulikuwa mwaka wa sitini na sita. Udongo mzuri wa matofali ulikuwa nje ya mji, na huko waasi walioitwa mashifta na askari walikuwa wanapigana. Basi akaagiza uchimbwe karibu, kwenye shimo walimofukiwa ngamia waliopigwa risasi katika msako. Wachimbaji walisita. Akawaambia mfupa ni mfupa tu, moto wa tanuri utausafisha. Tuseme wazi: alijua. Kisha akahamia nyumba ya kwanza mwenyewe, kifua mbele.

Kesho yake adhuhuri Lul akasikia kitu kinakwaruza, shwaa, shwaa, kama msasa uliolowa. Akanyata hadi chumbani, na pale kando ya kitanda ukuta ulikuwa unatoka jasho la manjano, la mafuta, lenye manyoya ndani yake, na nzi wamelifunika kama zulia, na katikati ya tofali umetokeza ulimi mrefu wa kijivu, umeoza kingoni, unamlamba Hinda utosini taratibu, kwa upendo, hata ngozi imeanza kuchubuka, na mtoto anacheka.

"Hooyo!" Lul akamlilia mama yake, Ebla.

Ebla alikuwa amefuga ngamia maisha yake yote. Alitazama, akaziba pua.

"Jini huyo," akanong'ona. "Amevaa uchungu wa ngamia aliyenyang'anywa ndama. Msihame. Keshaijua harufu ya mtoto, atawafuata."

"Tufanye nini?" Noordin akauliza.

"Kama zizini. Ndama akifa, mama yake hupewa ngozi yake ailambe, adhani ni mwanawe."

Ebla akatafuta ngozi ya ndama, akaijaza nyasi, akaipaka maziwa ya Lul ili inuke kama Hinda, akaiegemeza ukutani huku akisoma Ayatul Kursiyu. Ulimi ukatoka. Ukanusa. Ukamwacha Hinda, ukaanza kuilamba ngozi.

Ikawa hivyo kila adhuhuri, mpaka familia nyingine zilipohamia nyumba zilizobaki. Siku moja Ebla akaigusa ngozi: kavu.

"Alhamdulillahi, ameondoka!" Lul akasema, akimkumbatia Hinda.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Sahara, jirani wa upande wa pili wa ukuta, na mwanawe mgongoni. Nywele za mtoto zilikuwa zimelala upande mmoja.

"Ndugu Noordin, wewe ndiye uliyechora nyumba hizi. Ukuta wangu unatoa maji. Yananuka, wallahi, na yanamdondokea mtoto."

Ebla akamkazia macho mkwewe, akimsubiri aseme ukweli. Noordin akauvuta mlango wa chumba chenye ngozi, akaufunga.

"Saruji mbichi tu hiyo, mama," akasema. "Itakauka."

Mgongoni mwa Sahara, mtoto akacheka.