Barua ya Profesa Enoki

Kila asubuhi Profesa Enoki hula viazi vya kuchemsha huku akisahihisha kazi za wanafunzi. Jumatatu hiyo viazi vilipoa. Alikuwa anasoma barua moja tu, tena kwa mara ya tatu.

"Kuna nini, Baba Elius?" mkewe Teodora aliuliza.

"Chuo kinataka kunifukuza."

Teodora akavuta kiti, akakaa. Mumewe amefundisha hapo Makambako miaka kumi na minane, na ajira yake ni ya kudumu. Kumbe hata wa kudumu hutikiswa!

Barua ilisema Enoki amemkaidi mkuu wa chuo. Kukaidi kwenyewe ni kwamba alikataa kuwaongezea alama wanafunzi waliofeli. Alipewa siku tano ajieleze kwa maandishi.

Siku zile Teodora aliunguza hata uji. Elius yuko kidato cha sita. Enoki ana miaka hamsini na sita. Nani atamwajiri tena?

"Omba radhi tu," alimsihi mumewe. "Hata mashemeji zangu wa kijijini Kichiwa wakikasirika, nikipiga magoti yanaisha."

Enoki alibisha, halafu akachoka kubisha. Siku ya nne aliandika: "Nakiri kosa langu, naomba radhi." Teodora aliichukua barua, akaipeleka mwenyewe.

Getini alikutana na Mwalimu Lukresia, katibu wa chama cha wanataaluma, yaani chama cha wahadhiri wa chuo.

"Kamwene, mama. Mbona mbio hivyo?"

Teodora alimweleza huku machozi yakimlengalenga. Lukresia akaisoma barua, akashika kichwa.

"Mama, hapa amekiri kosa kwa saini yake! Kamati ya nidhamu itamfukuza kwa maneno yake mwenyewe."

"Yesu wangu! Nilitaka kumwokoa."

"Najua. Sikiliza. Mwenye ajira ya kudumu anaweza kufukuzwa, ila si hivi hivi tu. Lazima aambiwe kosa, aonyeshwe ushahidi, apewe muda wa kujibu na asikilizwe. Na anaweza kuingia kwenye kikao na mtu wa chama."

"Chama kitamtetea hata kama amekosa?"

"Hatufichi kosa la mtu. Tunasimamia haki yake ya kusikilizwa. Na akifukuzwa kwa uonevu, ana siku thelathini za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asizichezee."

Teodora aliichana ile barua palepale. Jioni hiyo Enoki na Lukresia waliandika utetezi, wakaambatanisha matokeo ya mtihani.

Siku ya kikao Teodora alisubiri nje kwa saa tatu, upepo wa Makambako ukimchapa. Ndani, Lukresia aliiomba kamati kanuni inayoruhusu kuongeza alama. Haikuwepo. Aliomba ushahidi wa ukaidi. Nao haukuwepo. Shauri likafutwa, na Enoki akarudi darasani.

Mwezi uliofuata, Ronald, mhadhiri kijana, alikuja kwao mbio, karatasi na kalamu mkononi.

"Mama, Profesa yupo? Mkuu anataka nisaini hapa kwamba naacha kazi kwa hiari. Leo leo!"

Teodora akamnyang'anya kalamu.

"Usisaini kitu. Kaa hapo, nampigia katibu wa chama."

Ronald akamtazama kwa mshangao. "Kwani mama ni mwanasheria?"

"Wala," Teodora alijibu huku akitafuta namba. "Mimi nilibakiza hatua chache tu kumfukuzisha kazi mume wangu."