Kuku wa Maji ya Bahari

Zama hizo Mreno alikwisha kufurushwa pwani, na kila mji wenye ukuta ulijiona ufalme. Kitangamwe ulikuwa mmojawapo, na sasa ulikuwa umezingirwa siku ya tisa. Adui alikwisha kuteka kisima cha nje ya lango, na birika za ndani za maji ya mvua zilibaki matope. Mtawala, Mwinyi Kae, akatamka kwamba kesho adhuhuri atafungua lango na kusalimisha panga.

"Afungue mlango wa nyumba yake!" alifoka Mwana Shekue, mkuu wa jiko la Mwinyi. "Mimi bado ninapika."

Tangu mwaka jana alikuwa akijifunza mapishi ya Kichina kwa mabaharia wawili waliookolewa merikebu yao ilipovunjika mwambani. Liang, mtu wa pwani ya Kantoni, alimfunza samaki wa mvuke kwa tangawizi tupu, na bizari zake alizicheka: "Mwana, samaki huyu umemzika kabla hatujamla!" Duan, wa milima ya Yunnan, alimwona Liang hajui kitu. Kwao chakula kilikuwa kuku wa mvuke, katika chungu chenye bomba katikati.

Siku hiyo ya tisa alibaki kuku mmoja jikoni. Duan akampanga vipande katika chungu hicho bila maji, akafunika, akakipachika juu ya chungu kingine. Hicho cha chini akakijaza maji ya bahari.

"We Duan! Utatulisha magadi?"

"Subiri, Mwana."

Mvuke ukapanda bombani. Kifuniko kilipofunuliwa, kuku alikuwa akiogelea katika mchuzi. Mwana Shekue akaonja, akaonja tena.

"Mbona hauna chumvi?"

"Sijatia."

"Na ile ya bahari?"

"Imebaki chini. Kinachopanda ni maji matupu."

Lo! Maji ya kunywa kutoka baharini! Alitoka na upawa mkononi, asijitande vizuri, akaingia barazani mbele ya Mwinyi na walinzi wenye magobori.

"Onja, Mwinyi wangu. Halafu useme tena habari ya lango."

Mwinyi akaonja, akasikiliza akielezwa siri ya mvuke. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Chukua mji, Mwana Shekue. Ni jiko lako."

Basi kila nyumba ikateka maji ya bahari. Chungu kikubwa, bakuli katikati yake, na juu mkungu, kifuniko cha udongo, uliopinduliwa na kutiwa maji baridi, mvuke uuguse na kudondokea bakulini. Wakachoma mashua kuukuu, kisha vitanda, kisha milango. Liang na Duan walipita wakisahihisha na kutukanana. Yalipatikana mafunda machache kwa kila kinywa, lakini yalipatikana kila siku.

Siku ya kumi na nne Mwana Shekue akaagiza jambo ambalo hata Mwinyi aliliona wazimu: walinzi kumi wapande ukutani na mitungi, watawadhe hadharani na kumwaga mabaki chini.

Adui, aliyeapa kwamba mji unakufa kwa kiu, aliyatazama maji yale yakitiririka ukutani. Kesho yake akang'oa mahema.

Mwandishi wa Mwinyi akaandika kwamba malaika alifungua chemchemi chini ya ukuta. Duan aliposomewa alikasirika, akataka wino ukwanguliwe.

"Mwache aandike," alisema Mwana Shekue, akichinja kuku wa karamu aliyeletwa kutoka mashambani. "Sisi tulikunywa."