Maua Yasiyonuswa

Nyuki ndio waliotangulia kujua. Kila asubuhi walikuwa wakiizonga meza ya Anula chini ya ngazi za mawe za Mihintale, mlima mtakatifu wa Wabuddha kule Sri Lanka, wakitua kwenye mayungiyungi kabla hajamaliza kuyakunjua petali, naye akiwafukuza kwa kitambaa cha maji bila hata kuwatazama. Asubuhi moja, mahujaji walipokuwa wameanza kumiminika kwa ajili ya mwezi mpevu, hawakuja. Anula alikunjua ua la kwanza, la pili, akapanga asumini kwenye visahani vya majani, na mkono wenye kitambaa ukabaki hauna kazi.

"Nyuki wako wamehamia huku," alisema Gunawati, muuza udi wa meza ya pili. "Umewatukana?"

"Wamekwenda kuucheka udi wako wa bandia."

"Bandia! Udi huu ukiuwasha hapa, watawa kule juu wanapiga chafya."

Wakacheka, na jambo likapita. Binadamu asingeligundua, kwa sababu maua ya kumtolea Buddha hayanuswi. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati: unayabeba kwa mikono miwili, mbali na uso, maana harufu yake imeshatolewa, si yako tena. Basi mahujaji waliovaa nyeupe wakanunua, wakavua viatu, wakapanda, wakayalaza maua yao mbele ya kuba kubwa jeupe, na hakuna aliyejua kwamba waliweka pale majani matupu yenye rangi, yasiyo na harufu.

Nyumba ya Anula ilikuwa nyuma tu ya meza hizo. Alikaa na kaka yake Tikiri, dereva wa basi la mahujaji, na bintiye mwenyewe, Vinodi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Mama wa Anula na Tikiri, Hinmenike, alikuwa amefia katika chumba cha mbele miezi kadhaa iliyopita. Kitanda chake kilikuwa bado kipo, kimeegemezwa ukutani.

Siku ile, jua lilipokuwa utosini na mawe ya ngazi yakichoma nyayo, Anula aliingia ndani kunywa maji. Vinodi alikuwa amelala kwenye mkeka. Kulikuwa kimya. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayevuta hewa kwa pua iliyobanwa kwenye kitambaa: ndefu, ya taratibu, isiyo na haraka ya kwisha. Anula alidhani ni paka. Akapiga kofi. Sauti ikakatika, lakini haikukatika kama ya mnyama aliyeshtuka. Ilikatika kama ya mtu aliyekatizwa shughuli yake, akaudhika.

Baada ya hapo zikaanza kupotea harufu za nyumba. Alikaanga vitunguu na majani ya mchuzi, moshi ukamwingia machoni, puani hakuna kitu. Alifungua chupa ya samaki wa chumvi, hakuna. Akadhani ana mafua. Lakini akitoka nje tu, udi wa Gunawati ulimjaa kichwa kizima, na kinyesi cha kima kwenye paa, na jasho la umati. Akirudi ndani, ilikuwa kama ametumbukizwa kwenye maji.

"Wali hauna kitu, mama," alisema Vinodi, akaisukuma sahani.

"Hauna nini?"

"Hauna kitu. Kama kutafuna karatasi."

Siku zilizofuata mtoto aliacha kula kabisa. Midomo ilimkauka, macho yakawa makubwa. Daktari wa kliniki alimpima damu akasema damu ni nzuri. Jioni Anula alimpakata, akamwekea pua utosini akavuta pumzi, kama mtu yeyote kule afanyavyo kwa mtoto ampendaye. Kichwa cha mwanawe hakikuwa na harufu. Hakuna jasho, hakuna sabuni, hakuna ile harufu ya mkate wa moto aliyoijua tangu siku ya kwanza, ambayo hata akifumbwa macho katikati ya watoto wote wa mkoa angeifuata bila kukosea. Alikuwa ananusa jiwe.

"Nani anakuja kwako mchana?" alinong'ona.

"Amesema nisikwambie, utakasirika."

"Nani, Vinodi?"

"Bibi. Ananipumulia hapa." Akagusa utosi. "Lakini hapumui nje. Anapumua ndani tu."

Mtoto alikuwa amesema kweli. Anula alikasirika. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja hasira, ikampanda, maana katika uhai wake wote Hinmenike hakuwahi hata mara moja kumwekea Vinodi pua kichwani.

Hinmenike alikuwa mwanamke wa dini. Aliuza maua kwenye meza ileile miaka mingi, na mikono yake haikugusa chombo cha maua kabla haijaoshwa. Anula alipopata mimba, na mwanamume aliyempa akarudi kwao pwani asionekane tena, mama yake hakupiga kelele. Alisogeza tu beseni la maua. "Usiyaguse haya," alisema. "Wewe si wa kugusa haya." Anula akaondoka akiwa na nguo alizovaa, akajifungulia kwa watu. Alimleta mtoto mara moja, akiwa mchanga, akamnyooshea bibi yake mlangoni. Hinmenike aligeuza uso, akaendelea kukunjua petali. Kisha likaja pigo la kiharusi, na Tikiri akamwita dada yake arudi amuuguze. Alirudi. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimpaka nywele mafuta ya nazi yaliyochemshwa na uwatu, yale aliyoyapenda. Hakumsemesha. Mama naye ulimi ulikuwa umekufa, alibaki na macho tu, na hakuna ajuaye macho yale yalikuwa yakisema nini.

Labda yalikuwa yakiomba. Labda yalikuwa bado yanahukumu.

Mganga Suddahami aliletwa na Tikiri siku iliyofuata, jua likielekea kuzama. Alikuwa mzee mwenye shati la michezo na mfuko wa plastiki uliojaa ndimu. Alimkalisha Vinodi kwenye kigoda, akasoma maneno yake, akakata ndimu moja juu ya kichwa chake. Akainusa. Akakata nyingine. Akaileta karibu na pua ya Tikiri.

"Nusa."

"Haina kitu," alisema Tikiri.

"Ndimu mbichi." Mganga alifunga mfuko wake. "Pepo wa msituni ningemfukuza, nina maneno yake. Pepo wa makaburini ningemhonga. Huyu ni mzimu wenye njaa, na huyu ni wa humu ndani, anaujua mlango kuliko mimi. Koo lake ni jembamba kama sindano, chakula hakipiti. Harufu ndiyo inayopita. Ameanza na maua, ameingia jikoni, sasa yuko kwa mtoto. Akimaliza harufu atavuta kilicho nyuma yake."

"Tulimfanyia sadaka!" alisema Tikiri. "Watawa walikula, maji yalimiminwa, thawabu zote tulimpelekea mama. Kila ndugu alishika birika."

"Kila ndugu?"

Tikiri akamgeukia dada yake polepole.

Sadaka ya kutimiza miezi mitatu tangu kifo cha mama ilikuwa imefanyika katika chumba kilekile. Watawa walipomaliza kula, ndugu walizunguka birika, kila mmoja akaweka vidole, maji yakamiminwa kikombeni hadi yakafurika sahanini, na watawa wakaomba thawabu ziwafikie waliokufa kama maji yanavyofuata bonde. Anula aliweka vidole vyake kama wengine. Jina la mama yake lilipotajwa, akaviondoa.

"Ulitoa mkono," alisema Tikiri. "Dada, ulitoa mkono?"

"Nilitoa."

"Mama yako mzazi! Hata mbwa ukimpitia na wali unamtupia tonge!"

"Mbwa hakunifukuza na mimba!" Sauti ya Anula ilipasuka. "Ulikuwa wapi siku ile, Tikiri? Ulikuwa umekaa hapo, pale pale, unakula fenesi. Hukusema kitu. Nilimwogesha, nilimfuta mavi, nilimchana nywele. Deni gani nimebakiza? Nimpe na thawabu juu? Alipokuwa na pua hakumnusa mwanangu! Leo hana pua ndiyo anakuja kumnusa?"

"Taratibu," alinong'ona mganga, akitazama kile kitanda kilichoegemezwa ukutani. "Anasikia."

"Asikie! Nilinyamaza miaka yote akiwa hai, asikie sasa!"

Kitanda kilianguka. Hakikusukumwa, hakikuteleza, kilianguka kwa kishindo kama kilichotupwa na mtu aliyechoka kusemwa, na kutoka mahali kilipokuwa kimesimama ikaanza ile sauti ya kuvuta hewa, safari hii bila kujificha, ikazunguka chumba kwa urefu wa mtu anayetambaa, ikapita miguuni pa Tikiri aliyepanda juu ya kiti kama mtoto, ikampita mganga na ndimu zake, ikafika kwenye kigoda na kupanda, ikapanda mgongoni, shingoni, hadi nywele za Vinodi zikasimama zenyewe na kulala upande mmoja, zikivutwa, na mtoto akafumba macho na kutabasamu, kama anayebembelezwa.

"Fanyeni sadaka," alisema Anula. Alikuwa amemkumbatia mwanawe, na hasira ilikuwa haijatoka. "Kesho. Nitashika hilo birika."

Tikiri hakulala akitafuta watawa, na majirani wakapika. Gunawati alileta mchuzi wa dengu na nazi, akaonja, akamtazama Anula kwa mashaka. "Humu ndani chumvi inakwenda wapi?"

Watawa walimaliza kula kabla ya jua kufika utosini, kama sheria yao ilivyo. Birika likaletwa. Ndugu wakazunguka. Anula akaweka vidole vyake, Tikiri juu yake, shangazi mmoja pembeni, na Vinodi wakamwekea kidole kimoja kwa kuwa hakuweza kunyanyua mkono. Maji yakaanza kushuka na sauti za watawa zikaanza, na ndipo Anula alipohisi chini ya vidole vyake, kati ya ngozi yake na bati la birika mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kitu chochote, vidole vingine, vyembamba, baridi, vyenye utelezi wa mafuta, vikijipenyeza taratibu na kushikamana na vyake kimoja kimoja, na kila neno la dua lilivyosogea navyo vikakaza, na jina la mama yake lilipotajwa vikaacha kukaza, vikangoja.

Angeweza kuuondoa mkono. Alimtazama Vinodi, midomo yake iliyopasuka.

Chukua, alisema moyoni. Chukua ushibe, uondoke. Ni kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Sijakusamehe, na usiniulize.

Maji yakafurika kikombeni, yakajaa sahani, yakamwagika mkekani. Vidole vile vikaachia. Na papo hapo harufu ya mchuzi wa dengu ikalipuka chumbani, na vitunguu, na jasho la watu, na ubani, mtawa mmoja akapiga chafya, na Vinodi akasema, "Nina njaa."

Tikiri alilia waziwazi. Mganga alipewa sahani mbili. Gunawati alitamba kwamba chafya ile ilitokana na udi wake.

Mtoto alipopata nguvu, Anula alimpeleka juu kutoa maua ya shukrani. Walitoka alfajiri, pekupeku, kati ya mahujaji wa nyeupe waliokuwa wakiimba polepole wakipanda. Anula alibeba beseni la mayungiyungi, na Vinodi kisahani cha asumini kwa mikono miwili, mbali na uso, kama alivyofundishwa, na nyuki wawili watatu wakamfuata ngazi baada ya ngazi. Juu kabisa upepo ulikuwa mkali, kuba likang'aa, na bonde lote na mabwawa yake likalala chini yao. Waliweka maua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Anula alihisi kifua chake kina nafasi.

Akainama, akaweka pua utosini kwa mwanawe, akavuta pumzi.

Mafuta ya nazi. Uwatu. Nywele za kizee zilizolala muda mrefu kwenye mto mmoja.

Akarudi nyuma kama aliyechomwa. Nywele za Vinodi zilikuwa kavu, bila tone la mafuta. Alikuwa amemwosha mwenyewe, kwa sabuni, saa hiyohiyo ya alfajiri.

"Mama," alisema mtoto, akiinua uso. "Mbona umegeuka?"

Anula alikuwa amegeuza uso wake. Aligundua hivyo alipoulizwa: uso pembeni, mdomo umebanwa, mikono imerudi kwenye beseni tupu la maua. Aliujua mkao ule. Alikuwa ameuona mara moja tu maishani, mlangoni, akiwa amenyoosha mtoto mchanga mikononi. Hasira ikampanda tena kutoka palepale ilipozoea kukaa, na safari hii hakujua aielekeze kwa nani.

"Sijageuka," alisema. "Njoo."

Akamvuta mwanawe kifuani, akafumba macho, akaweka pua utosini, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, akiitafuta ile harufu ya mkate wa moto chini ya uwatu, chini kabisa, iwapo bado ipo.

Na kutoka ndani ya zile nywele, kitu nacho kikavuta pumzi.