Msumari Kwenye Ukuta wa Shimo

Kila asubuhi mke wa Mzee Timazi alichota maji kisimani, nyuma ya nyumba. Kisima kilikuwa karibu na jiko, na hakikuwahi kukauka.

Mzee Timazi alikuwa mwashi. Timazi ni ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia ukuta. Watu walimbandika jina hilo kwa sababu alijisifu kwamba jicho lake halikosei.

Kiangazi hicho alikuwa na haraka. Binti yao alikuwa mjamzito, naye angekuja kujifungulia nyumbani wakati wa mvua. Baba alitaka binti akute choo cha ndani, chenye tangi la maji taka. Kutoka kwenye tangi, maji yangeingia kwenye shimo la kunyonya, yanywewe na udongo. Shimo hilo alilichimba kati ya nyumba na kisima, mita tatu kwenda chini.

"Umepima udongo?" mkewe aliuliza.

"Nipime nini, mama? Vumbi tupu! Mwenye macho haambiwi tazama."

Mkewe hakubishana. Alikwenda kumwita Bibi Afya, afisa wa afya.

Bibi Afya alikuja na kisu kidogo, akashuka shimoni kwa ngazi. Alikwangua ukuta wa shimo taratibu, kutoka juu hadi chini.

"Shuka, mzee. Juu hapa udongo ni mwekundu. Na hapa chini?"

Mzee Timazi alishuka, akainama. Udongo ulikuwa wa kijivu, una madoadoa ya rangi ya kutu. Alikuwa ameukata kwa sururu siku nne bila kuyaona.

"Rangi hii huja udongo ukikaa ndani ya maji muda mrefu," alisema Bibi Afya. "Kila masika maji ya ardhini hupanda hadi hapa."

"Lakini ni pakavu, binti yangu!"

"Leo ni pakavu. Udongo unakumbuka mvua za miaka mingi, mzee wangu." Aligongomea msumari pale madoa yalipoanzia, usawa wa kifua cha Mzee Timazi. "Udongo mkavu chini ya shimo ndio chujio letu. Maji ya ardhini yakilifikia shimo, uchafu hauchujwi. Utateremka moja kwa moja kisimani."

Mzee Timazi alimfikiria binti yake na kikombe mkononi.

"Basi choo hakuna?"

"Kipo. Tutafute mahali pake."

Walikwenda upande wa barabarani, mbali na kisima, ambako mteremko uliyapeleka maji kwingine. Walichimba shimo la majaribio. Udongo ulikuwa mwekundu hadi chini, bila doa. Kisha wakachimba kishimo kidogo, wakakilowesha usiku kucha. Asubuhi wakakijaza maji tena na kupima kwa rula yanavyoshuka.

"Yakishuka mbio, hayachujwi," alisema Bibi Afya. "Yakigoma, yatafurika uani. Haya yanashuka vizuri. Jenga hapa. Lile shimo lako lifunike kwa mabati, ulizungushie tuta ili mvua isiingie. Utalitazama masika."

Mzee Timazi alijenga upya, huku mkewe akimtania: "Haraka haraka haina baraka, fundi wangu."

Mvua zilinyesha wiki sita. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Bibi Afya alipima maji ya kisima, akayakuta safi.

Siku moja mvua ilipokatika, Mzee Timazi aliondoa bati moja kwenye shimo la zamani. Alivua kofia.

"Mama! Njoo uone!"

Shimo lilikuwa na maji, yametulia. Yalikuwa yameishia kwenye msumari. Hayakupita hata kwa upana wa kidole.

"Hakuna tone la mvua lililoingia humu," alisema kwa sauti ndogo. "Yametoka chini. Miaka thelathini nachimba ardhi, mke wangu, kumbe ilikuwa imeandikwa, nami sikuisoma."

Ndani ya nyumba mjukuu alilia. Mama yake aliomba maji ya kunywa.

"Mwenye macho haambiwi tazama, eti?" mkewe alisema.

"Mimi niliambiwa," alijibu Mzee Timazi. "Ashukuriwe aliyeniambia."

Akalifunika shimo, akaenda kumpelekea binti yake maji.